Kadi moja, bei nyingi: jinsi kadi za zamani za besiboli zinavyopanda na kushuka thamani

Agosti 2021, nyumba ya mnada ya Robert Edward Auctions nchini Marekani iliuza kipande cha karatasi ngumu kisichojaza hata kiganja, chenye picha ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner. Kiliuzwa dola milioni 6.606. Kampuni ya SGC, iliyokikagua, ilikuwa imekipa daraja la 3 kati ya 10. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2022, nakala nyingine ya kadi hiyohiyo iliuzwa kwa makubaliano ya faragha kwa dola milioni 7.25. Hii ya pili ilikuwa na daraja la 2. Ilikuwa imechakaa zaidi, ikauzwa ghali zaidi, na hapo katikati soko zima la kadi lilikuwa limeshaanza kupoa.

Sasa niambie: bei ya kadi ya Wagner ilipanda au ilishuka?

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, kwa sababu naona watu wakitoa akiba zao kwa kutazama mchoro wa bei kwenye simu. Wanaona mstari mmoja unaopanda mlima na kuteremka, wanaamini wanatazama bei ya kitu kimoja. Mstari ule ni kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi: hali ya nakala iliyouzwa siku hiyo, namba iliyo kwenye lebo yake, idadi ya nakala nyingine zinazojulikana, nani alikuwa na fedha wiki ile, na kama waliopandisha dau walikuwa wanunuzi wa kweli. Usipozifumua nyuzi hizo hutajua ni upi kati yao uliovutwa.

Tuanze na lebo, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Kadi hizi zilizaliwa zikiwa vitu vya kutupwa. Seti ya Wagner, ambayo wakusanyaji wanaiita T206, ilitiwa ndani ya pakiti za sigara za American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911. Kuanzia miaka ya 1930 kadi zikawa zinatoka na chingamu. Watoto walizibana kwenye spoki za baiskeli ili zipige kelele, walizifunga bunda kwa mpira, walizibandika kwenye madaftari kwa gundi. Ndiyo maana nakala mbili zilizotoka kiwandani asubuhi moja zinaweza leo kuwa vitu viwili visivyofanana bei hata kidogo: moja ya kununulia chakula cha mchana, nyingine ya kununulia nyumba.

Zamani hali ya kadi ilikuwa jambo la maneno. Muuzaji anasema ni safi, mnunuzi anasema pembe zimelegea, wanabishana mpaka mmoja achoke. Mwaka 1991 ilianzishwa kampuni ya PSA. Unawatumia kadi, unalipa ada, wakaguzi wanaitazama chini ya taa na lenzi, wanaipa namba kuanzia 1 hadi 10, kisha inazibwa ndani ya kasha la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa. Kwenye kasha kuna lebo yenye daraja na namba ya utambulisho. SGC ilifuata mwaka 1998, na Beckett ikaanza huduma yake ya kupima kadi mwaka 1999. Mwaka 2008 PSA iliongeza nusu daraja, kuanzia 1.5 hadi 8.5, na kwa siku moja kadi ambazo zilikuwa na bei ya 7 zikaanza kuulizwa kama si 7 na nusu. Karatasi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuihesabu.

Chukua kadi inayozungumzwa kuliko zote, Mickey Mantle namba 311 ya kampuni ya Topps, mwaka 1952. Kadi za Topps za mwaka huo zilikuwa kubwa kidogo kuliko za leo, karibu milimita 67 kwa 95. Mantle yuko kwenye anga la buluu iliyoiva, kofia ya New York Yankees kichwani, gongo begani, macho yakitazama juu upande mmoja. Chini kuna kisanduku chenye jina lake na sahihi iliyochapwa. Kuizunguka picha yote kuna pambizo jeupe, na pambizo hilo ndilo linaloamua mamilioni. Mkata karatasi wa kiwandani akikosea upana wa unyasi, picha inasogea kushoto au kulia. Daraja la 9 la PSA linataka pambizo za mbele zisizidi uwiano wa takriban 60 kwa 40. Kadi inaweza kuwa na rangi kama ilitoka jana na pembe kali kama wembe, lakini kama pambizo la kushoto ni jembamba mno, inashushwa. Baada ya pambizo wanatazama pembe nne, kingo, kisha uso: mkunjo usioonekana mpaka uinamishe kadi kwenye mwanga, doa la nta la chingamu mgongoni, nukta za wino zilizoruka wakati wa kuchapa.

Kati ya daraja la 8 na la 9 tofauti inaweza kuwa pembe moja iliyofifia kiasi kwamba jicho la kawaida halioni. Bei, hata hivyo, haipandi kwa hatua sawa kama ngazi. Kwenye madaraja ya chini, kutoka 2 kwenda 3, unaongeza kiasi kinachoeleweka. Ukifika juu, daraja moja linaweza kuzidisha bei mara tatu, mara nne au zaidi. Sababu ni kwamba kule juu nakala ni chache na wanaozitaka hawatafuti kadi tu, wanatafuta kuwa na iliyo bora kuliko ya mwenzao. PSA wenyewe wanaendesha orodha ya seti za wakusanyaji, ambapo kila kadi inaongeza alama kulingana na daraja lake, na majina yanapangwa kuanzia wa kwanza. Watu wawili matajiri wanaogombea nafasi ya kwanza wanatosha kuipaisha kadi ya mchezaji asiyejulikana.

Mfano wake bora ni Andy Pafko. Alikuwa mchezaji mzuri, si gwiji. Lakini kadi yake ni namba 1 kwenye seti hiyohiyo ya Topps ya 1952. Watoto walipopanga kadi zao kwa namba na kuzifunga mpira, Pafko alikuwa juu ya bunda, mpira ukamkata kingo, jasho la mkono likamwishia yeye. Kwa hiyo nakala nyingi zilizobaki zimechoka. Mwaka 1998 nakala iliyopewa daraja la 10 iliuzwa kwa zaidi ya dola 80,000. Hakuna aliyelipa kiasi hicho kwa mapenzi ya Pafko. Walilipia ugumu wa kuipata katika hali ile.

Mantle ni kinyume chake, na hapa watu wengi hukosea. Husikia kadi ni ya mamilioni wakadhani ni adimu. Si adimu. Namba 311 ilianza kundi la mwisho la seti, lililotoka mwishoni mwa msimu wa 1952, watoto wakiwa wameshahamia kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani. Maduka hayakuziuza. Sy Berger wa Topps, aliyesanifu seti ile, alisimulia kuwa mwaka 1960 alipakia masanduku ya kadi zilizobaki kwenye tishari na kuyamwaga katika Bahari ya Atlantiki. Simulizi hiyo imekuza jina la kadi hii sana. Hata hivyo Mantle alichapwa mara mbili kwenye karatasi kubwa ya kiwandani, pamoja na wachezaji Jackie Robinson na Bobby Thomson, hivyo ndani ya kundi lake yeye ni mmoja wa walio wengi. PSA peke yake imeshapima zaidi ya nakala 1,500. Zipo tatu zenye daraja la 10 na sita zenye 9. Kinachoibeba bei ni uhitaji. Wanaume waliokuwa watoto miaka ya 1950 walikua, wakapata fedha, wakataka kurudishiwa utoto wao. Kisha watoto wao wakairithi hamu hiyo, na baada yao wakaja wawekezaji ambao hawajawahi kutazama mchezo mzima wa besiboli.

Sasa tazama safari ya nakala moja ya Mantle huyo. Mwaka 1986 mfanyabiashara wa kadi Alan Rosen alinunua maelfu ya kadi za Topps za 1952 zilizokuwa zimekaa bila kuguswa katika jimbo la Massachusetts, Mantle kadhaa wakiwemo. Mwaka 1991 aliuza mmoja wao kwa mkusanyaji wa New Jersey kwa dola 50,000. Huyo akaiweka zaidi ya miaka thelathini. Baadaye SGC iliipa daraja la 9.5, na Agosti 2022 nyumba ya mnada ya Heritage ikaiuza kwa dola milioni 12.6, ambayo wakati huo ilikuwa bei kubwa kuliko zote kuwahi kulipwa kwa kumbukumbu yoyote ya michezo.

Magazeti yaliandika kuwa 50,000 imekuwa milioni 12.6. Ni kweli, mara 252. Lakini isambaze kwa miaka 31, kila mwaka ukijengwa juu ya uliopita, utapata ongezeko la takriban asilimia 19.5 kwa mwaka, ambalo ni kubwa mno, ila si uchawi. Ondoa na mfumuko wa bei: dola 50,000 za 1991 ni kama 107,000 za 2022. Halafu kuna ada ya mnada. Bei inayotangazwa kwenye minada hii kwa kawaida inajumuisha ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 juu ya dau la mwisho. Kwa kadi hii nyundo iligonga kwenye milioni 10.5, milioni 2.1 iliyobaki ilikuwa ada. Na Mmarekani aliyekaa na kitu cha kukusanya kwa zaidi ya mwaka hutozwa kodi ya faida ya hadi asilimia 28 na serikali ya shirikisho, juu zaidi ya kodi ya hisa. Anayelinganisha mstari wa kadi na mstari wa hisa bila kutoa mambo haya analinganisha mshahara wa mtu mmoja kabla ya makato na wa mwingine baada ya makato.

Bei ile ya milioni 12.6 ilitangazwa wakati kadi nyingi za kawaida zilikuwa zinaporomoka. Hili ni jambo ambalo ningependa kila anayeingia kwenye soko hili alishike. Rekodi ya juu inaeleza hamu ya watu wawili waliokuwa kwenye mnada usiku ule. Haielezi kitu kuhusu Mantle wa daraja la 3 aliyeko kwenye droo ya mstaafu wa Ohio.

Ili kuelewa kwa nini zilikuwa zinaporomoka, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1979 James Beckett, aliyekuwa profesa wa takwimu, alichapisha mwongozo wa bei za kadi, na mwaka 1984 likaja jarida lake la kila mwezi. Kwa mara ya kwanza mtu wa Alabama na mtu wa Oregon walikuwa wanatazama bei moja. Bei ya kitabu, lakini, ilikuwa bei ya kuombwa na muuzaji. Ukienda dukani kuuza ungepewa nusu yake ukishukuru. Mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda viliona fedha, vikachapa bila kipimo. Kadi za miaka ile zipo nyingi kiasi kwamba zinauzwa kwa sanduku. Mwaka 1994 wachezaji wakagoma, fainali za World Series zikafutwa, na mashabiki wengi wakaondoka kwa hasira. Mwaka uliofuata ikaanzishwa eBay, soko la mtandaoni. Kila mtu akafungua dari ya nyumba ya bibi yake, na ikajulikana kuwa kadi nyingi zilizodhaniwa haba zilikuwa haba tu katika mji husika. Kadi za hali ya kati zikateremka bei kwa miaka. Zilizokuwa chache kweli zikapanda, kwa sababu sasa wanunuzi wa nchi nzima walikuwa wanazitazama kwa pamoja, na kasha la PSA liliwawezesha kununua kitu wasichokishika mkononi.

Halafu ikaja 2020. Watu walikuwa wamefungiwa nyumbani, michezo imesimama, serikali ya Marekani ikituma hundi za kusaidia wananchi, riba ikiwa karibu na sifuri. Fedha iliingia kwenye kadi kwa kasi ambayo soko halikuwahi kuiona. Januari 2021 Mantle wa 1952 mwenye daraja la 9 la PSA aliuzwa kwa milioni 5.2; mwingine wa daraja hilohilo alikuwa ameuzwa kwa milioni 2.88 Aprili 2018. Julai 2021 kadi ya gwiji wa zamani Babe Ruth namba 53 ya kampuni ya Goudey, ya mwaka 1933, daraja la 9, ikafika milioni 4.212. Watu walituma kadi PSA kwa mamilioni, mpaka Machi 2021 kampuni ikasimamisha huduma zake nyingi kwa sababu ya mrundikano. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba mwezi Machi, na fedha rahisi ikaisha.

Mrundikano ule una somo la ugavi. Kampuni za kupima huchapisha idadi ya nakala zilizopimwa kwa kila kadi na kila daraja. Bei ikipanda, inalipa kutoa kadi kabatini na kuzituma. Baada ya miezi zinarudi zikiwa na daraja, idadi inaongezeka, na bei inapata uzito wa kuivuta chini. Ukitaka kuliona waziwazi, toka kidogo kwenye besiboli utazame kadi ya mpira wa kikapu, Michael Jordan wa Fleer ya 1986. Mwishoni mwa Januari 2021 nakala mbili za daraja la 10 ziliuzwa kwa dola 738,000 kila moja. Zipo zaidi ya 300 za daraja hilo. Wamiliki walipoona bei ile wakaanza kuzitoa moja baada ya nyingine, na haikupita miaka miwili bei ikawa chini ya 200,000. Aliyenunua kwa 738,000 alihitaji bei hiyo izidishwe zaidi ya mara tatu na nusu ili arudi alipoanzia. Kwenye besiboli kuna Ken Griffey Jr. wa Upper Deck ya 1989: za daraja la 10 peke yake zinazidi 4,000. Kadi kama hizo hufuata upepo wa fedha kama jani.

Kadi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hazina akiba kubwa iliyojificha. Wagner wa T206 anajulikana kwa nakala takriban 60 tu. Mtu hawezi kuchapa mwingine, na ni nadra mno mpya kuibuka darini. Ndiyo maana katika kushuka kwa 2022 kadi za zamani zilishuka polepole kuliko za kisasa. Sababu nyingine ni kuwa mchezaji aliyekufa zamani hawezi kuvunjika goti. Kadi ya kijana wa leo inaweza kupoteza nusu ya thamani kwa mchezo mmoja mbaya. Takwimu za Ruth zimefungwa. Au karibu zimefungwa. Mei 2024 ligi kuu ya besiboli iliingiza takwimu za ligi za Weusi kwenye rekodi zake rasmi, na Josh Gibson, aliyefariki 1947 bila kuruhusiwa kucheza kwenye ligi kuu kwa sababu ya rangi yake, akawa anaongoza kwa wastani wa kupiga, yaani sehemu ya majaribio ambayo mchezaji hufanikiwa kuupiga mpira, wa .372, juu ya Ty Cobb aliyekuwa akiongoza. Kadi yake kuu ni ya seti ya Toleteros iliyochapwa Puerto Rico mnamo 1950 na 1951, baada ya kifo chake. Nakala ni chache, na wengi walioitafuta miaka mingi walijua ukubwa wake kabla rekodi hazijakubali. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya soko hili yenye heshima kuliko zote: mara nyingine bei hupanda kwa sababu dunia imekiri jambo.

Turudi kwenye ule mchoro wa simuni. Tuseme unatazama mauzo ya kadi moja ya daraja la 5, nukta kumi na mbili kwa mwaka. Kila nukta ni nakala tofauti. Kuna ya 5 iliyopata namba hiyo kwa sababu ya mkunjo mdogo mgongoni, ila mbele inang'aa na picha imekaa katikati sawia. Kuna ya 5 yenye pembe butu na picha imesogea pembeni. Lebo ni moja, na ya kwanza inaweza kuuzwa kwa nusu tena juu ya ya pili. Soko likiwa moto, wenye nakala nzuri huzileta mnadani. Likipoa, wanazificha, na zinazobaki kuuzwa ni zile ambazo mwenyewe hazipendi au analazimika kuziuza. Kwa hiyo mchoro unachora soko likipanda zaidi ya lilivyopanda na kushuka zaidi ya lilivyoshuka, maana wakati bei inabadilika, ubora wa kinachouzwa nao unabadilika.

Dawa yake ni kufuata nakala moja. Namba ya utambulisho kwenye lebo inaruhusu hilo: unaitafuta kwenye kumbukumbu za minada, unaona kadi ileile, kasha lilelile, ikiuzwa miaka tofauti. Mauzo hayo ni machache, lakini mawili ya nakala moja yananieleza zaidi kuliko ishirini ya nakala mchanganyiko. Pia napuuza bei za kuombwa. Kwenye eBay, tangazo ambalo muuzaji alikubali ofa ya chini mara nyingi linaonyesha bei ya kuombwa iliyokatwa mstari, si fedha iliyolipwa. Na nikiona nukta moja imeruka juu peke yake, nasubiri. Mara nyingi mshindi hakulipa, na kadi inarudi mnadani baada ya wiki kadhaa.

Rafiki yangu wa Tanga anayeishi Houston alinitumia picha ya kadi siku moja, usiku wa manane, na ujumbe mfupi: "Kaka, nimepigwa?" Alikuwa amenunua Mantle wa miaka ya mwishoni, daraja la 6, kwa bei ambayo wiki iliyofuata ilionekana imeshuka robo. Tulikaa kwenye simu tukazitafuta nakala moja moja. Ile iliyouzwa chini ilikuwa na alama ya ziada kwenye lebo kuonyesha picha imekaa upande. Yake ilikuwa katikati. Nikamwambia: "Hujapigwa, ndugu yangu. Hiyo siyo kadi yako."

Mimi mwenyewe ndiye niliyepigwa. Nilinunua kadi ya kwanza ya Bob Gibson (si yule Josh), Topps ya 1959, ile yenye rangi ya waridi, bila kasha, mezani kwenye maonyesho ya kadi. Pembe zilikuwa kali ajabu kwa karatasi ya umri ule, na badala ya kunitia shaka zikanipofusha. Nyumbani niliiweka juu ya kadi nyingine ya seti ileile. Juu zililingana, chini Gibson alikuwa mfupi kwa upana wa uzi. Nikachukua rula: kadi za Topps tangu 1957 zinapaswa kuwa milimita 63.5 kwa 88.9, na yangu haikufika. Mtu alikuwa amezikata kingo zilizochakaa ili zionekane mpya. Niliipeleka kupimwa hata hivyo, kwa matumaini ya mpumbavu wa mapenzi, ikarudi bila daraja. Thamani yake ilibaki sehemu ndogo ya nilichotoa. Bado ninayo. Kila ninapoona kadi ya zamani yenye pembe za kushangaza naitazama ile kwanza.

Hapo ndipo uzi wa mwisho ulipo: uaminifu. Bei yote ya kadi iliyopimwa imesimama juu ya imani kwamba namba ile ni ya haki. Wapimaji ni binadamu, viwango vimekuwa vikikazwa kwa miaka, na kadi iliyopewa 8 mwanzoni mwa miaka ya 1990 haina uhakika wa kupata 8 leo. Wanunuzi wanalijua hilo, ndiyo maana makasha ya zamani yanachunguzwa upya kabla ya dau. Wengine huvunja kasha na kutuma tena wakitafuta nusu daraja zaidi, na kwa kuwa lebo ya zamani hairudishwi kila mara, kadi moja huhesabiwa mara mbili au tatu. Tangu Februari 2024 PSA na SGC zina mmiliki mmoja, kampuni ya Collectors, na anayetazama bei za daraja hawezi kuacha kulizingatia hilo.

Na kadi maarufu kuliko zote inabeba swali hilo ndani ya kasha lake. Mwaka 1991 nyota wa hoki Wayne Gretzky na mfanyabiashara Bruce McNall walinunua Wagner wa T206 mnadani Sotheby's kwa dola 451,000. PSA, iliyokuwa changa, iliipima ikiwa kadi yake ya kwanza kabisa, ikaipa 8. Mwaka 1996 iliuzwa kwa takriban dola 640,000, mwaka 2000 kwa milioni 1.265, mapema 2007 kwa milioni 2.35, na mwaka huohuo tena kwa milioni 2.8, kwa Ken Kendrick, mmiliki wa timu ya Arizona Diamondbacks. Ni nakala moja ikifuatwa kwa miaka 16, ongezeko la wastani wa asilimia 12 kwa mwaka, ila si kwa mwendo mmoja: kati ya 1991 na 1996 ilikuwa kama asilimia 7, kati ya 1996 na 2000 zaidi ya 18. Kisha mwaka 2013 Bill Mastro, aliyeiuza miaka ya 1980, alipokuwa akikiri mahakamani kosa la ulaghai uliohusisha madau ya uongo kwenye minada yake, alikiri pia kuwa aliikata kingo kadi ile.

Kwa kanuni za kawaida, kadi iliyokatwa haipewi namba. Ya kwangu haikupewa. Ile bado imo ndani ya kasha lake lenye lebo ya 8, na tangu mauzo ya 2007 haijauzwa tena. Wagner wa daraja la 2 ameshafika milioni 7.25. Wapo wanaosema hii ya 8 ingezidi zote kwa sababu ya historia yake, na wapo wanaosema ni kadi iliyoharibiwa yenye hadithi nzuri. Bei yake iliyolipwa, hadi sasa, ni milioni 2.8.